Kufunga, Kuficha au Kufuta: Jinsi ya Kudhibiti Maoni ya Wasomaji kwenye Blogu

Mwenye blogu akisema "nataka kuzima maoni," huwa ana moja kati ya haja tatu: maoni mapya yasiingie tena, yaliyokwisha kuingia yasionekane, au yote yafutwe yasibaki hata kwenye hifadhidata. Hizo ni kazi tatu tofauti na kila moja ina mahali pake. Malalamiko mengi ya "nimezima lakini bado yapo" hutokana na kufanya moja huku ukitarajia matokeo ya nyingine. Kufunga hakufichi. Kuficha hakufuti. Na kufuta bila kufunga ni kudeki sakafu huku bomba bado linamwaga.

Maelezo haya yanahusu zaidi WordPress iliyo kwenye seva yako mwenyewe, kwa kuwa ndiko kwenye mitego mingi. Blogger na Disqus (huduma ya nje ya maoni inayounganishwa na blogu) zimeguswa kwa ufupi mbele. Majina ya menyu na vitufe yameachwa kwa Kiingereza, kama yanavyoonekana kwenye dashibodi ambayo haijabadilishwa lugha.

Jaribu kuchuja kwanza

Kufunga maoni si jambo la aibu. Jarida la Popular Science lilifunga ya kwake Septemba 2013, shirika la habari la Reuters likayaondoa kwenye habari zake Novemba 2014, redio ya Marekani ya NPR ikafuata Agosti 2016. Lakini wale walikuwa na wasomaji wengi kuliko wasimamizi wa kuwasoma. Blogu inayopata maoni matano ya watu na mia tano ya roboti kwa wiki ina tatizo jingine kabisa, nalo hutibika kwa kuchuja.

Fungua "Settings", kisha "Discussion". Karibu kila kitu kiko kwenye ukurasa huo mmoja.

Chini ya "Before a comment appears" kuna visanduku viwili. "Comment must be manually approved" huzuia kila maoni mpaka uyaidhinishe mwenyewe. "Comment author must have a previously approved comment" humruhusu mtu kupita moja kwa moja akiwa amewahi kuidhinishwa mara moja. Kwa blogu nyingi hicho cha pili kinatosha, ila ujue udhaifu wake: WordPress humtambua mtu kwa jina na barua pepe alivyoandika, wala haihakiki kama barua pepe hiyo ni yake. Wanaosambaza matangazo wanalijua hilo. Hutuma kwanza "Makala nzuri sana, nimejifunza mengi," unaidhinisha kwa moyo mweupe, na ya pili inakuja na viungo vya kamari. Maoni yanayosifu bila kutaja chochote kilichomo kwenye makala, huku nafasi ya tovuti ya mwandishi ikiwa imejazwa, yapeleke kwenye "Spam" bila kusita.

Chini yake kuna sehemu ya kuhesabu viungo. Kwa kawaida namba ni 2, maana yake maoni yenye viungo viwili au zaidi husubiri idhini yako. Ukiweka 1, hata kiungo kimoja kitasubiri. Usiweke 0 ukidhani unapiga marufuku viungo vyote: WordPress ikikuta 0 huacha kabisa kuhesabu. Tena hesabu hiyo huangalia maandishi ya maoni tu. Anwani iliyoandikwa kwenye nafasi ya tovuti haimo.

Kisha yapo masanduku mawili ya maneno. La kwanza, "Comment Moderation", hupeleka maoni kwenye foleni. La pili, "Disallowed Comment Keys", huyatupa moja kwa moja kwenye "Trash" bila kukuuliza. Hili la pili kabla ya toleo la 5.5 la mwaka 2020 liliitwa "Comment Blacklist", kwa hiyo usishangae ukikuta maelekezo ya zamani yenye jina hilo. Andika neno moja kwa kila mstari. WordPress hulitafuta ndani ya maoni, jina la mwandishi, tovuti, barua pepe, anwani ya IP na hata jina la kivinjari.

Hapa ndipo wengi wanajikata kwa kisu chao. Utafutaji hauangalii neno zima, unaangalia herufi zinazofuatana popote zilipo. Ukipiga marufuku "bia" ili kuzuia matangazo ya pombe, umemzuia pia kila aliyeandika "aliniambia" na kila aliyetaja Namibia. Anwani ya IP nayo ni vilevile: 203.0.113.5 inakamata pia 203.0.113.50 hadi 203.0.113.59. Maneno mafupi yaweke kwenye foleni, si kwenye sanduku la kutupa. Kwenye sanduku la kutupa weka vitu ambavyo haviwezi kujitokeza ndani ya neno la kawaida, kama vile jina kamili la tovuti inayokusumbua.

Kuzuia kwa IP hakufai sana siku hizi. Mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya kutokea nje, hivyo unaweza kuwafungia wasomaji halali wa eneo zima ilhali roboti imeshahamia anwani nyingine.

Kisanduku cha "Users must be registered and logged in to comment" huonekana kama suluhisho, na ni suluhisho kweli ikiwa wewe ndiye unayewasajili watu. Lakini ukiwa umeacha "Anyone can register" wazi kwenye "Settings", "General", roboti zitajisajili zenyewe. Sasa utakuwa na takataka mbili: za maoni na za akaunti.

Kwa roboti zenyewe, weka kichujio. Akismet huja pamoja na WordPress, inahitaji ufunguo (API key) unaopewa ukijisajili, na ni bure kwa blogu binafsi isiyofanya biashara. Hulinganisha maoni na mifumo iliyoonekana kwenye tovuti nyingine, kwa hiyo maoni ya wasomaji wako hutumwa kwenye seva zake. Litaje hilo kwenye sera yako ya faragha. Wasiotaka kutuma data nje hutumia programu-jalizi (plugin) za mtego: fomu huongezwa nafasi isiyoonekana kwa macho, roboti inaijaza kwa kuwa hujaza kila inachokikuta, na aliyeijaza anakataliwa. Msomaji hasumbuliwi na chochote. Jaribio la kuthibitisha kwamba mtu ni binadamu liwe la mwisho, maana humchosha aliyekuja kukuandikia sentensi mbili.

Kufunga makala za zamani kwa siku

Kama ni lazima uchague mpangilio mmoja tu katika ukurasa wa "Discussion", chagua huu: "Automatically close comments on posts older than". Weka tiki, andika idadi ya siku, hifadhi. Namba unayoikuta pale ni 14. Siku 30 huwafaa wengi: mjadala wa kweli huwa umekwisha, na zinazobaki kubisha hodi kwenye makala ya miaka mitatu iliyopita ni roboti zaidi kuliko watu.

Uzuri wake ni kwamba hali ya kila makala haibadilishwi. WordPress hukagua umri wa makala wakati wa kuonyesha, basi. Ukiondoa tiki, zote hurudi zilivyokuwa. Kwa sababu hiyo, ukiandika 1 hapo unafunga takriban blogu nzima kwa dakika moja bila kugusa makala hata moja. Ni njia nzuri siku ukivamiwa usiku na huna muda. Usiandike 0, kwa sababu ileile ya viungo: 0 huzima ukaguzi.

Mipaka yake ni miwili. Hufanya kazi kwa makala za kawaida tu, si kurasa wala picha zilizopakiwa. Na huwezi kuitenga makala moja ibaki wazi kwa kuiwekea ruhusa yake yenyewe, kwani kikomo cha siku hushinda.

Kufunga moja kwa moja

Juu kabisa ya "Discussion" kuna "Allow people to submit comments on new posts". Watu huondoa tiki hapo, wanahifadhi, wanakwenda kulala. Asubuhi maoni yapo. Soma tena maneno hayo: makala *mpya*. Kila makala hubeba hali yake iliyopewa siku ilipoandikwa, na mpangilio huu hauzigusi zilizotangulia.

Za zamani zinafungwa kwa mkupuo hivi:

1. Nenda "Posts", "All Posts". Juu kulia fungua "Screen Options" na upandishe idadi ya makala kwa ukurasa kutoka 20 hadi 100.
2. Weka tiki kwenye kisanduku cha juu ili uchague zote za ukurasa huo.
3. Kwenye "Bulk actions" chagua "Edit", bonyeza "Apply".
4. Kwenye "Comments" chagua "Do not allow". Kwenye "Pings" pia chagua "Do not allow".
5. Bonyeza "Update", kisha nenda ukurasa unaofuata.

Usishawishike kuweka 999 ili umalize mara moja. Orodha ya makala ulizochagua husafirishwa ndani ya anwani ya ukurasa, na anwani ikirefuka kupita kiasi seva huikataa kwa hitilafu ya 414. Hata ikikubali, seva dhaifu inaweza kukata kazi njiani ukabaki hujui zipi zimefungwa.

Rudia kwenye "Pages" ikiwa blogu ni ya zamani. Kurasa zilizoundwa tangu toleo la 4.3 la mwaka 2015 huzaliwa zimefungwa, zilizotangulia sivyo.

Hiyo "Pings" ya hatua ya nne husahaulika sana. Pingback ni taarifa inayotumwa na blogu nyingine ikikuwekea kiungo, nayo huingia kwenye orodha ya maoni kama maoni. Ukifunga maoni ukaacha pingback, takataka zitaendelea kuingia kwa mlango wa nyuma. Kwenye "Discussion" ondoa tiki ya "Allow link notifications from other blogs" kwa ajili ya makala zijazo. Wengine huamua kuziba faili la xmlrpc.php, ambalo ndilo hupokea pingback. Litaziba kweli, ila programu-jalizi ya Jetpack hulitegemea, kwa hiyo angalia kwanza kama unaitumia.

Kisha kuna picha. Kila faili unalopakia linaweza kuwa na ukurasa wake wenye fomu ya maoni, na maktaba ya "Media" haina kitufe cha kuhariri hali hiyo kwa mkupuo. Blogu zilizoanzishwa tangu toleo la 6.4 la mwaka 2023 hazina kurasa hizo za picha. Za zamani bado zinazo mpaka zizimwe. Ikiwa maoni taka yanaingia na huoni yanatokea makala gani, angalia safu ya "In response to" kwenye orodha ya maoni. Mara nyingi utakuta jina la picha.

Ukitaka kufunga kila kitu bila kubaki na mwanya, mistari miwili inatosha:

`add_filter( 'comments_open', '__return_false', 20 );`
`add_filter( 'pings_open', '__return_false', 20 );`

Iweke kwenye programu-jalizi ndogo ya blogu yako, au kwenye faili la functions.php la mandhari mtoto (child theme, yaani nyongeza ya mandhari ya blogu ambayo masasisho hayaigusi). Usiiweke kwenye mandhari mama, kwani sasisho lijalo litaifuta na maoni yatafunguka kimyakimya. Asiyependa kugusa msimbo atumie programu-jalizi kama Disable Comments, akikumbuka kwamba siku akiizima, milango inafunguka tena.

Jambo moja la kuelewa kabla hujaondoka hapa: roboti nyingi hazifungui ukurasa wako. Hutuma maoni moja kwa moja kwenye faili la wp-comments-post.php. Ndiyo maana kuficha fomu kwa CSS (msimbo wa muonekano wa ukurasa), au kuifuta kwenye mandhari, huwazuia wasomaji na kuwaacha wavamizi wakiendelea na kazi yao. Njia zilizotajwa hapo juu hukaguliwa na faili hilo lenyewe, kwa hiyo huwazuia wote wawili.

Kuficha yaliyopo

Umefunga, lakini chini ya makala bado kuna mabishano ya mwaka juzi. Namna ya kuyaficha inategemea aina ya mandhari.

Kwa mandhari za bloku, nenda "Appearance", "Editor", "Templates", fungua kiolezo kinachoonyesha makala moja, chagua bloku ya "Comments" kwenye orodha ya bloku, ifute, hifadhi. Kama mandhari ina violezo viwili vitatu vya makala, fanya hivyo kwa kila kimoja. Kwa mandhari za mtindo wa zamani, mstari huu huwapa orodha tupu:

`add_filter( 'comments_array', '__return_empty_array', 20 );`

Mstari huo hausaidii kwenye mandhari za bloku, maana bloku ya maoni hujichukulia yenyewe kutoka hifadhidata.

Baada ya hapo angalia sehemu tatu ambazo bado zinayavujisha: bloku ya "Latest Comments" pembeni au chini ya blogu, idadi ya maoni chini ya vichwa vya habari kwenye ukurasa wa mwanzo, na mlisho (feed) ulio kwenye /comments/feed/. Huo mlisho hubaki na maandishi kamili hata pale ambapo makala haionyeshi kitu.

Kufuta

Chukua nakala rudufu ya hifadhidata kwanza. Maoni yaliyofutwa moja kwa moja hayarudi.

Kwa kawaida unachokitupa hukaa kwenye "Trash" siku 30 kabla ya kutoweka. Maoni taka Akismet huyafuta baada ya siku 15. Yakiwa mamia, "Empty Spam" inatosha. Yakiwa makumi ya elfu, kitufe hicho huzidiwa na ukurasa hukwama. Hapo tumia WP-CLI, chombo cha kuiendesha WordPress kwa amri za maandishi kwenye seva, na uendelee kurudia mpaka yaishe:

`wp comment delete $(wp comment list --status=spam --number=500 --format=ids) --force`

Anayefuta kwa SQL, yaani kwa amri za moja kwa moja kwenye hifadhidata, akumbuke kwamba jedwali la wp_comments lina mwenzake, wp_commentmeta, na kwamba idadi ya maoni huhifadhiwa pia kwenye kila makala ndani ya wp_posts. Ukigusa moja ukaacha mengine, makala itaonyesha "maoni 12" na chini yake hakuna hata moja. Kiambishi wp_ nacho kinaweza kuwa tofauti kwenye blogu yako.

Kuna ufutaji wa aina nyingine: msomaji anayekuomba uondoe taarifa zake. WordPress huhifadhi jina, barua pepe na anwani ya IP ya kila aliyeandika. Tangu toleo la 4.9.6 la Mei 2018, mwezi ambao sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, GDPR, ilianza kutumika, kuna "Tools", "Erase Personal Data". Unaandika barua pepe yake, anatumiwa kiungo cha kuthibitisha, kisha unakamilisha. Fahamu kwamba kifaa hicho hakifuti maneno aliyoandika. Huondoa utambulisho wake tu na kuliweka jina la mtu asiyejulikana. Kama ndani ya maoni alitaja namba yake ya simu, itabidi uingie uifute kwa mkono.

Blogger na Disqus

Blogger ni rahisi zaidi, na majina yake ni ya wazi. Kwenye "Settings", sehemu ya "Comments", "Comment location" ikiwekwa "Hide" huficha maoni ya blogu nzima pamoja na fomu. Hayafutiki, ukirudisha "Embedded" yanaonekana yote tena. Kwa makala moja, fungua makala, nenda "Options" kwenye paneli ya kulia, na chini ya "Reader comments" uchague kati ya kukataza mapya huku ya zamani yakionekana, au kukataza mapya na kuyaficha ya zamani.

Hakuna kitufe cha kusema "funga blogu nzima lakini acha yaliyopo yasomeke." Njia ya kuzunguka ni kuweka "Who can comment?" kuwa wanachama wa blogu tu. Kwa kuwa wanachama ni wale uliowaalika wewe, wengine wote hubaki wasomaji. Na kabla ya kufika huko, "Comment moderation" ikiwa "Sometimes" hukuruhusu kusimamia maoni ya makala zilizopita idadi fulani ya siku na kuyaacha ya makala mpya yapite.

Disqus ina mtego mmoja tu unaostahili kutajwa. Ukiizima kwenye WordPress, mfumo wa maoni wa WordPress wenyewe hurudi mahali pake, na kama ulikuwa wazi wakati wote huo, fomu mpya inachomoza pale ulipotarajia patupu. Funga kwanza WordPress kwa njia zilizotajwa, hamisha maoni yako kutoka Disqus ikiwa unayataka, ndipo uiondoe.

Kuhakikisha

Safisha kache: ya programu-jalizi, ya seva, na ya mtandao wa usambazaji (CDN) ikiwa unautumia. Ukurasa uliohifadhiwa jana utaendelea kuonyesha fomu ya jana, na msomaji ataandika aya nne kabla ya kuambiwa haziwezekani. Kisha fungua dirisha la faragha la kivinjari, bila kuingia kwenye akaunti, na utembelee makala moja mpya, moja ya zamani kabisa, ukurasa mmoja, na picha moja.

Mwisho, bisha hodi kama roboti inavyobisha, kwa amri ya curl kwenye dirisha la amri (terminal) la kompyuta yako. Badilisha namba ya makala na anwani ziwe za kwako:

`curl -i -d "comment_post_ID=123&author=Jaribio&email=jaribio@example.com&comment=Jaribio" https://example.com/wp-comments-post.php`

Ukijibiwa 403 na maneno "Sorry, comments are closed for this item", makala hiyo imefungwa kweli. Ukijibiwa 302, maoni yako ya jaribio yamepokelewa. Yatafute kwenye foleni au kwenye "Spam". Kumbukumbu za seva zitaendelea kuonyesha 403 kwa muda mrefu, kwa sababu roboti haziambizani kwamba mlango umefungwa.